Elkana Ong'esa: Msee wa Tabaka Mwenye Mawe Yake Yako Paris

Kama uko Lambwe, cheki hii: shika mat hadi Homa Bay, halafu ingine ya Rongo, na kutoka hapo Tabaka si mbali. Huko Kisii ndiko Elkana Ong'esa alizaliwa 1944. Unajua ile sahani ya rangi ya waridi ya shosho, ile hamruhusiwi kugusa? Jiwe ni lile lile.

Lakini Ong'esa hakubaki kwa sahani na vinyama vya watalii. Alisomea Makerere, Uganda, akaenda McGill kule Montreal, Kanada, kisha akarudi kuchonga nyumbani. Ndege wake Enyamuchera, ambaye kwa Wakisii ni ndege wa heri na amani, amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Ndege wake wengine, wale wanaodansi, wako UN, New York. Na 2014 alichonga ndovu Washington, watu wakimwangalia, kwa tamasha la Smithsonian. Si mchezo.

Usidhani ni mashine. Jiwe likitoka machimboni ni laini. Linakatwa kwa panga na patasi, linasuguliwa kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Kazi ya mikono, na vumbi lake ni balaa kwa mapafu.

Noma ni hii: mafundi wengi Tabaka huuzia broka kwa bei ya kutupa, na kitu kikifika duka la Nairobi hakina jina la mchongaji. Cha Ong'esa kina jina.