Dawa kinga ya kifua kikuu: kwa nini umeze wakati huumwi?

Mtu anayeishi na VVU akienda kliniki ya CTC kuchukua ARV, anaweza kushauriwa aanze pia dawa ya kuzuia kifua kikuu, yaani TB. Wengi hushangaa: "Sikohoi, nalima kama kawaida, dawa ya nini tena?" Wapo wanaokataa, na wapo wanaozipokea na kuziacha nyumbani bila kumeza.

Vimelea hulala

Karibu robo ya watu duniani wana vimelea vya TB mwilini bila kuugua. Kinga ya mwili ikiwa imara, vimelea hivyo hubaki vimelala. VVU huidhoofisha kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uwezekano wa kuugua TB kwa mtu mwenye VVU ni takriban mara 16 ya asiye na VVU. Dawa kinga huviua vimelea kabla havijaamka.

ARV pekee hazitoshi?

ARV hupunguza sana hatari ya TB, lakini haziimalizi. Huko Abidjan, Ivory Coast, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 2,000 wenye VVU kwa karibu miaka 5. Waliopewa dawa kinga kwa miezi 6 walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 37, hata miongoni mwa walioanza ARV mapema.

Maswali manne

Kabla ya kuanza utaulizwa: Je, unakohoa? Una homa? Unatokwa jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Usifiche hata kikohozi cha siku mbili. Ukiwa na dalili mojawapo, utapimwa kwanza. Mgonjwa wa TB hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja; akipewa dawa kinga peke yake, vimelea vinaweza kuwa sugu.

Humezwaje?

Isoniazidi humezwa kila siku kwa miezi 6, mara nyingi pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi ya mikono na miguu. Ipo pia isoniazidi iliyounganishwa na rifapentini, inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mtoa huduma ndiye atakayeamua ipi inakufaa. Mama anayetumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango amweleze mapema, kwa sababu rifapentini hupunguza nguvu ya njia hizo.

Wakati wa kurudi kituoni

Dawa hizi zinaweza kuathiri ini, kwa hiyo achana na pombe hadi umalize. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutapika au maumivu ya tumbo, simamisha dawa kinga na uende kituoni siku hiyo hiyo. Ukianza kukohoa ukiwa kwenye dozi, rudi pia.

Ukisahau siku chache, usiache kabisa wala usimeze mara mbili ili kufidia, uliza utaendeleaje. Kama unasafiri kwenda shamba la mbali, omba dawa za kukutosha.

Dawa kinga si chanjo, na kupewa hakumaanishi kwamba una TB. Katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Usipoelezwa habari zake siku ya kliniki, uliza mwenyewe.