Watoto wa Malkia wa Sheba

 

Siku moja niliitwa kwenye nyumba ya msiba si mbali na Kona ya Musa. Mzee alikuwa ameshazikwa, matanga yamekwisha, na watu wamekaa mikekani chini ya mwembe. Upande mmoja walikaa wana wa marehemu. Upande wa pili walikaa wapwa zake, watoto wa dada yake. Katikati palikuwa na nafasi tupu ya mkeka, wala hapana aliyetaka kuikalia.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa: minazi yapata arobaini, miembe michache, na nyumba mbili za makuti. Lakini ninyi mnaokaa Diani mwajua jinsi bei ya ardhi ilivyopanda tangu hoteli zilipojengwa pwani yetu. Wana wakasema, "Baba ni wetu, na mali ni yetu." Wapwa wakajibu, "Desturi ya Wadigo tangu zamani ni mtu kurithiwa na mtoto wa dada yake. Na minazi hii tumeipanda sisi pamoja na mjomba, ninyi mkiwa Mombasa."

Mimi nilikuwa na Biblia mkononi, na miaka yangu ya chuo cha theolojia kichwani, nikadhani jibu ninalo. Nikaanza kusema habari za uzao na urithi. Ndipo dada ya marehemu, bibi kizee asiyejua kusoma, akanikatiza kwa upole: "Mchungaji, Jumapili ile ulituhubiri yule malkia wa Sheba. Je, naye alikuwa na watoto? Na watoto wake walirithi nini?"

Nikanyamaza. Nikamwambia, "Bibi, nipe siku chache." Basi, ndugu msikilizaji, jibu nililomtafutia bibi yule ndilo ninalokuletea leo.

Tuanze na Maandiko. Habari za malkia huyu zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10, na tena katika Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 9. Alisikia sifa za Sulemani, akafunga safari na ngamia wake, akaja Yerusalemu kumjaribu kwa maswali magumu. Alileta manukato, vito, na dhahabu talanta 120, ambayo kwa mizani ya leo ni kama tani 4. Akauliza yote yaliyokuwa moyoni mwake, akajibiwa, akarudi kwao. Basi. Jina lake halikuandikwa. Mume wake hakutajwa. Wala mtoto hakutajwa hata mmoja.

Jirani zetu Waislamu nao wanamjua, kwa maana habari zake zimo katika Kurani, sura ya 27, na mapokeo yao humwita Bilkisi. Wenye elimu ya mambo ya kale wengi husema kwamba Sheba ni Saba, nchi iliyokuwa Yemen, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Marib. Lakini kutoka Yemen hata Afrika ni mkono mwembamba wa bahari tu. Huko Yeha, kaskazini mwa Uhabeshi, lingali limesimama hekalu la mawe lililojengwa yapata miaka 700 kabla ya Kristo, na huko yameonekana maandishi ya Kisaba. Watu na maneno walivuka, kama vile majahazi yalivyovuka na kufika kwetu.

Wahabeshi hawakukubali kwamba mama mkuu namna ile asiwe na mtoto. Mwanzoni mwa karne ya 14 kiliandikwa kwa lugha ya Kigeez kitabu kiitwacho Kebra Nagast, yaani Utukufu wa Wafalme. Humo malkia anaitwa Makeda. Kitabu hicho chasimulia kwamba aliondoka Yerusalemu akiwa na mimba ya Sulemani, na kwamba mfalme alimpa pete iwe alama. Akazaa mwana, ambaye mapokeo humwita Menelik. Mtoto akalelewa na mama yake, na alipotimiza miaka 22 akaenda kumwona baba. Sulemani akafurahi mno, akataka kumweka awe mfalme baada yake pale Yerusalemu. Kijana akakataa. Alisema hawezi kuiacha nchi ya mama yake. Basi akatiwa mafuta, akapewa wazaliwa wa kwanza wa wakuu wa Israeli wamsindikize, nao wakaondoka kwa siri na Sanduku la Agano. Hata leo Kanisa la Uhabeshi laamini kwamba Sanduku hilo liko Aksum.

Jambo moja katika kitabu hicho lilinishangaza. Mama huyu alipomwachia mwanawe kiti, aliwaapisha wakuu wa nchi kwamba tangu siku ile mwanamke asitawale tena, ila wanaume wa uzao wake tu. Fikiri, msikilizaji! Malkia aliyetawala kwa hekima yake mwenyewe aliufunga mlango mbele ya mabinti zake.

Sasa mtaniuliza, "Mchungaji, je, hayo ni kweli?" Nitawajibu waziwazi. Biblia haikusema hivyo, nami sina ruhusa ya kuiongezea. Na tukitazama historia tutaona kwa nini mtoto huyo alihitajiwa. Mwaka 1270 mtu aitwaye Yekuno Amlak aliwashinda wafalme wa ukoo wa Zagwe, ukoo wa Lalibela yule aliyechonga makanisa katika mwamba. Yekuno Amlak alitawala kwa kudai kwamba yeye ni wa nyumba ya Sulemani, na kwamba amerudisha kiti kwa wenyewe. Kitabu kilichofuata kikamtilia nguvu. Kiti cha enzi kilihitaji baba mkuu na mama mkuu, nao wakapatikana. Tusiwacheke Wahabeshi. Hata hapa pwani, ni miji mingapi ambayo wenye enzi walijitafutia mababu huko Shirazi?

Basi watoto wa malkia walirithi nini? Walirithi enzi, ndiyo. Lakini sikilizeni walichorithi pamoja nayo. Kwa kuwa kila mwana wa kiume aliweza kudai kiti, wafalme waliwaogopa ndugu zao wenyewe. Kwa vizazi vingi wana wa kifalme walichukuliwa wakafungiwa juu ya mlima uitwao Amba Geshen, wenye magenge pande zote, wakaishi huko wakilindwa mpaka wafe, au mpaka mmoja wao aitwe kutawala. Mlima huo ulitekwa na jeshi la Imamu Ahmad Gragn yapata mwaka 1540, nao ukaharibiwa. Katika karne iliyofuata wakapata mlima mwingine, Wehni, kwa kazi ile ile. Hao ndio watoto wa nasaba tukufu: kosa lao lilikuwa kuzaliwa na baba yao.

Na ule mlango uliofungwa juu ya mabinti? Ulifunguka mara moja. Menelik wa Pili, yule aliyewashinda Waitalia pale Adwa mwaka 1896, alifariki mwaka 1913, na tangu 1916 hata 1930 binti yake Zewditu alikalia kiti akiwa malkia. Baada yake akaja Haile Selassie, ambaye wazee wetu wengi wanamkumbuka. Katiba aliyowapa watu wake mwaka 1955 iliandika kama sheria ya nchi kwamba ukoo wake watoka kwa Menelik, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba.

Lakini sheria haikuweza kuwalinda watoto. Mkewe Menen alimzalia watoto sita, na wanne kati yao walimtangulia kaburini. Kisha ikaja njaa ya Wollo, watu maelfu kwa maelfu wakafa, na kilio chao hakikusikika ikulu mapema. Tarehe 12 Septemba 1974 askari walimwondoa mfalme mzee katika kiti chake, na mwaka uliofuata akafa mikononi mwao. Binti mkubwa wa mfalme na Menen, Tenagnework, alitiwa gerezani mwaka ule wa 1974, asitoke mpaka 1988. Mwana wa binti huyo, Iskinder Desta, aliuawa Novemba 1974 pamoja na wakuu wengine, jumla yao watu wapatao 60. Mjukuu mwingine wa mfalme, binti aitwaye Ijigayehu, alifia kifungoni mwaka 1977. Mfalme mwenyewe hakupata maziko ya heshima mpaka mwaka 2000.

Sisemi kwamba waliwatendea haki. Kumfunga mwanamke miaka 14 kwa sababu ya baba yake ni dhambi, hata kama baba alikosa. Nasema tu kwamba damu ile waliyojivunia vizazi vyote haikumwokoa hata mtoto mmoja. Damu ile ile ndiyo iliyowapandisha mlimani, na ndiyo iliyowapeleka gerezani.

Wapenzi, yuko mwana wa Sulemani ambaye Maandiko yanamtaja pasipo shaka, naye ni Rehoboamu. Watu wa Kwale mtapenda kujua kwamba Biblia, inapowaandika wafalme wa Yuda, mara nyingi hulitaja jina la mama. Mama yake Rehoboamu alikuwa Naama, Mwamoni, mwanamke mgeni. Kijana huyu alilala chini ya dari moja na hekima tangu utotoni. Lakini siku watu walipomjia na kumwomba awapunguzie mzigo, aliwaacha wazee akawafuata vijana wenzake, akawajibu kwa ukali. Kwa jibu moja akapoteza makabila kumi. Alirithi nyumba ya mwenye hekima, hakurithi masikio.

Ndipo nikalielewa neno la Bwana wetu katika Mathayo, sura ya 12. Alipomtaja malkia wa kusini hakusema habari za uzao wake, wala dhahabu yake. Alimsifu kwa safari. Mwanamke huyo alitoka mbali, akavumilia jua na mchanga, ili asikie tu. Na kwa sababu hiyo, asema Bwana, siku ya hukumu atasimama kuwahukumu watu waliokaa karibu na neno wasilisikie. Mtoto wa nyumbani aliziba masikio, mgeni akayatega.

Basi nilirudi kwa ile familia. Nilimwambia bibi, "Bibi, watoto wa malkia yule, kama walikuwako, walirithi kiti na hofu. Alichokuwa nacho bora hakirithiwi. Kila mmoja hana budi kukisafiria mwenyewe." Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Basi na hawa wasafiri." Akaondoka mahali pake, akaja kukaa katikati ya mkeka.

Nikawaeleza kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humtazama kwanza mjane na watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike sawasawa. Mabinti waliokuwa wamekaa nyuma, karibu na mlango, waliinua vichwa. Hapana mtu aliyekuwa amewauliza neno. Nikawaambia pia kwamba sheria haimkatazi mwenye haki kumkumbuka aliyetoka jasho. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: nilinyamaza, kila mmoja akasema, na wengine wakasikiliza mpaka mwisho.

Jua lilikuwa linakuchwa walipofikia neno moja. Shamba lilibaki kwa mjane na watoto, mabinti pamoja nao. Kwetu pwani mwajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Basi wapwa wakaachiwa minazi waliyoipanda kwa mikono yao, na bibi akapewa kuangua nazi maisha yake yote. Mwana mmoja hakuridhika. Aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hajarudi. Tunamwombea, na mahali pake mkekani bado papo.

Ndugu msikilizaji, labda na kwenu kuna mkeka wa namna hiyo. Labda mwahesabu mababu usiku na mchana ili mjue shamba ni la nani, na hamjamsikiliza ndugu yenu hata kwa saa moja. Malkia alitoka mwisho wa nchi ili asikie. Wewe, kutoka upande huu wa mkeka hata upande ule, ni hatua ngapi?

Tuombe. Ee Bwana, wewe umjuaye kila mtoto kwa jina, aliyeandikwa na asiyeandikwa, tupe masikio ya malkia yule. Wakumbuke yatima na wajane wanaosubiri haki yao. Wapatanishe ndugu waliotengana kwa ajili ya mali, na yule aliyeondoka umrudishe nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.