Misuli kuuma baada ya jembe au mpira: lini ni kawaida, lini ni hatari

Mvua zikianza, mkulima wa Mchukwi aliyekaa miezi bila kushika jembe hulima kutwa nzima. Usiku hulala vizuri. Kesho yake huamka mwili unauma, na kesho kutwa hata kuchuchumaa ni shida. Mvuvi wa delta aliyesukuma mtumbwi kwa pondo na kijana aliyerudi uwanjani kucheza ndondo wanaijua hali hiyo. Wasikilizaji wetu, hapa tunaeleza chanzo chake, namna ya kuizuia, na wakati ambao si ya kupuuzwa.

Kwa nini misuli huuma?

Msuli ukifanya kazi usiyoizoea, nyuzi zake ndogo huumia kidogo. Mwili unapozitengeneza, msuli huvimba kidogo na kuuma. Ndiyo maana maumivu hayaji papo hapo. Huwa makali siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya wiki moja.

Wengi husema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili za kupumzika, kabla maumivu hayajaanza.

Namna ya kuzuia

Anza kidogo kidogo. Siku ya kwanza lima saa moja au mbili, kisha ongeza kadiri mwili unavyozoea. Msuli uliokwisha kuionja kazi hauumi sana ukirudia kazi ile ile wiki zinazofuata. Kabla ya mechi, kimbia polepole dakika 5 hadi 10 ili mwili upate moto. Kujinyoosha viungo si vibaya, lakini peke yake hakuzuii sana maumivu haya.

Namna ya kutuliza

Usilale kitandani siku nzima. Tembea na fanya kazi nyepesi ili damu izunguke. Kukandwa taratibu husaidia, na wengi hupata nafuu kwa kuoga maji ya uvuguvugu. Kunywa maji ya kutosha, pata usingizi, na kula vyakula vya kujenga mwili kama samaki, kunde, maharage na mayai.

Kuwa mwangalifu na dawa. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, bila kuzidi 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa ukizimeza huku umeishiwa maji baada ya kazi ya juani. Mjamzito asizitumie bila ushauri wa mtaalamu wa afya.

Dalili za kukupeleka hospitali

Homa. Maumivu ya kazi hayaleti homa. Mwili ukiuma pamoja na homa, kutetemeka au kichwa kuuma, huenda ni malaria. Usijikande ukingoje, kapime siku hiyo hiyo.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola. Hii ni dalili kwamba misuli imeumia sana na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, msuli uliokatika ghafla kwa maumivu makali, au maumivu yaliyozidi wiki moja pia yanahitaji kuonwa na daktari.

Basi, ukiamka mwili unauma, jiulize: juzi au jana nilifanya kazi gani? Nina homa? Mkojo wangu una rangi gani? Kama ulifanya kazi usiyoizoea, huna homa na mkojo ni wa kawaida, vumilia siku chache. Ukiwa na shaka, usibaki nyumbani ukimeza vidonge. Nenda zahanati au hospitali iliyo karibu.