Moodle 2.0 na faili zisizo na majina

Wiki jana nilipigiwa simu na kijana mmoja aliyeajiriwa majuzi kutunza seva ya chuo fulani. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nikiisasisha Moodle usiku huu, kuna kitu kitaharibika?" Nikamjibu kwamba siku hizi, ukifuata maagizo, kwa kawaida hakiharibiki kitu. Baada ya kukata simu nikabaki nikijishangaa. Kuna usiku mmoja wa Aprili 2012 ambapo mtu angeniambia maneno hayo ningemrushia kibodi.

Basi leo nataka tuangalie historia ya matoleo ya Moodle, hasa lile toleo la 2.0 lililotutoa jasho. Mtanivumilia nikichomeka kisa changu humo katikati.

Kwa asiyeijua, Moodle ni programu huria ya kuendeshea masomo kwenye mtandao. Mwalimu anaweka maelezo ya somo, wanafunzi wanayapakua, wanawasilisha kazi, wanafanya majaribio na kuona alama zao. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia. Utotoni aliishi ndani kabisa ya jangwa la magharibi mwa nchi hiyo, akapata masomo kupitia redio ya masafa mafupi. (Sisi tuliosoma shule za msingi za Kenya tunaikumbuka redio ikiletwa darasani na mwalimu, sote kimya, tukisubiri kipindi. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na mwalimu pale pale wa kutufinya masikio tukisinzia.) Baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Curtin, mjini Perth, akitunza mfumo wa kulipia ulioitwa WebCT. Hakuridhika nao, akaanza kuandika wake. Moodle 1.0 ilitoka tarehe 20 Agosti 2002.

Miaka ya mwanzo matoleo yalikuja haraka haraka. Mwaka 2004 pekee yalitoka 1.2, 1.3 na 1.4. Toleo la 1.6, Juni 2006, liliingiza mfumo mzima katika Unicode, kwani kabla ya hapo kila lugha ilikuwa na usimbaji wake na kuchanganya lugha mbili katika tovuti moja ilikuwa balaa. Novemba mwaka huo huo 1.7 ikaleta majukumu yanayoweza kurekebishwa, badala ya yale ya kudumu ya mwanafunzi, mwalimu na msimamizi. Kisha Machi 2008 ikaja 1.9, na hiyo ndiyo vyuo vingi viliipenda. Ilikuwa nyepesi. Seva kuukuu iliibeba bila manung'uniko.

Mimi niliikuta 1.9 kazini. Chuo chetu (sitakitaja) kilikuwa na seva moja iliyokaa katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Mwanzoni intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kukwamakwama, na kwa hiyo Moodle ilitumika zaidi ndani ya chuo. Waya wa SEACOM ulipofika Mombasa Julai 2009, mambo yalianza kubadilika polepole. Wanafunzi wakaanza kuwasilisha kazi kutoka saiba za mjini, na wahadhiri waliokuwa wakituita watu wa michezo ya tarakilishi wakaanza kuuliza nywila zao.

Wakati huo huko Australia toleo jipya halikuwa likitoka. Kutoka 1.9 hadi 2.0 ilipita miezi 32, yaani Machi 2008 hadi tarehe 24 Novemba 2010. Sababu ni kwamba waandaaji waliamua kubomoa nguzo kadhaa kwa mpigo. Muonekano ulijengwa upya, kiasi kwamba sura za 1.9 hazikufanya kazi tena. Namna ya kutengeneza nakala ya somo ilibadilika, na nakala iliyotoka 1.9 haikufunguka ndani ya 2.0, uwezo huo ulianza kurudi katika 2.1, Julai 2011. Moduli za nyongeza zilizoandikwa na watu wa nje zilihitaji kuandikwa upya, na nyingine waandishi wake walikuwa wamekwisha zitelekeza.

Ila badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la faili, na hapa naomba tukae kidogo.

Katika 1.9, kila somo lilikuwa na folda yake ndani ya folda kuu iitwayo moodledata. Somo namba 27 lilikuwa na folda ya 27. Ndani yake ungeona maelezo ya mhadhiri kwa jina alilolipa mwenyewe, na kazi za wanafunzi zikiwa zimepangwa kwa namba ya zoezi kisha namba ya mwanafunzi. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva angeweza kuzisoma kwa macho. Ilikuwa kama kabati la ofisi.

Ubaya wa kabati hilo ni kwamba aliyeruhusiwa kuona somo aliweza kufikia faili nyingi zilizomo, na ilikuwa vigumu kusema hii ni ya zoezi hili tu na ile ya watu wale tu. Pia wahadhiri kumi wakiweka kitabu kile kile, kilihifadhiwa mara kumi. Toleo la 2.0 likaliondoa kabati. Faili zote zilitupwa katika folda moja, filedir, na kila moja ikapewa jina la herufi na tarakimu 40 linalokokotolewa kwa SHA-1 kutokana na yaliyomo ndani ya faili yenyewe. Faili mbili zinazofanana kabisa zinapata jina moja, na kwa hiyo zinahifadhiwa mara moja. Jina halisi, mwenye faili, na mahali inapotumika, vyote vinaandikwa katika jedwali moja la hifadhidata.

Kiufundi ni wazo zuri na bado linatumika. Wahadhiri, hata hivyo, walilia. Katika 1.9 mtu aliweka ratiba mara moja, akaiunganisha sehemu tano, na akibadilisha faili ile sehemu zote tano zilibadilika. Katika 2.0 kila sehemu ilishika yake. Malalamiko yalikuwa mengi duniani kote, na kwa maoni yangu walalamikaji hawakuwa wajinga: walikuwa wamejenga mazoea ya kazi juu ya tabia ya programu, na programu ikahama.

Sasa kisa. Likizo ya Aprili 2012 niliamua kuruka kutoka 1.9 hadi 2.2. Njia hiyo iliruhusiwa, na 2.2 ndiyo ilikuwa daraja la mwisho: tangu 2.3, ilibidi upitie 2.2 kwanza. Nilichukua nakala ya akiba ya hifadhidata. Nakala ya moodledata sikuichukua, kwa kuwa ilikuwa kubwa, diski ya nje ilikuwa imejaa, na nilikuwa nayo moja ya Januari. Nilijiambia faili hazitaguswa.

Zilikuwa zinahamishwa. Karibu saa saba za usiku stima ikapotea, na betri ya dharura ikadumu dakika chache tu. Stima iliporudi, majedwali kadhaa ya MySQL yalikuwa yameharibika. Nikaingiwa na hofu. Nikafuta hifadhidata yote, nikarudisha nakala ya jioni, nikarudisha msimbo wa 1.9, nikafungua ukurasa. Masomo yote yako pale! Nikashukuru Mungu, nikabonyeza kazi ya mwanafunzi wa kwanza. Hakuna faili. Ya pili, hakuna. Folda za kazi za muhula mzima zilikuwa tupu.

Ilinichukua hadi alfajiri kuelewa nilichofanya. Kazi zote zilikuwa zimeshahamia filedir salama salimini, kila moja na jina lake la herufi 40. Jedwali lililojua ni ya nani ndilo nililolifuta kwa mkono wangu. Hifadhidata iliyorudi ilijua nani aliwasilisha na saa ngapi, lakini haikujua faili ni ipi. Filedir ilikuwa na faili, lakini haikujua ni za nani. Nazo zilikuwa kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, alama zilizotakiwa katika ofisi ya mitihani baada ya wiki mbili.

Nilifanya kazi ya ukarani. Kwanza niliendesha amri ya kutambua aina za faili, kwa sababu hata viambishi vya mwisho vilikuwa vimepotea. Kisha nikafungua hati moja baada ya nyingine, nikasoma jina na namba ya usajili katika ukurasa wa kwanza, nikaweka alama kwenye orodha ya mawasilisho 143. Siku nne. Hesabu haikulingana, nikadhani nyingine zimepotea kabisa, hadi nilipokumbuka kuwa zinazofanana huhifadhiwa mara moja. Kazi ya kikundi iliyowasilishwa na wanachama wanne ilikuwa faili moja. Mwishowe zikabaki hati tatu zisizo na jina ndani, na wanafunzi watatu wasio na hati. Nikawapigia. Wawili walizitambua zao kwa sentensi ya kwanza nilipowasomea. Wa tatu, dada aliyechapa yake saiba na hakubaki na nakala, alisikiliza kimya kisha akaimalizia aya yenyewe kwa kichwa.

Mkuu wa idara nilimweleza ukweli wote. Hakunifukuza, ila alinitaka niombe radhi mbele ya mkutano wa wahadhiri, nami nikafanya hivyo.

Niliposoma msimbo baadaye niligundua jambo lililonichoma zaidi. Kila hatua ya usasishaji katika Moodle hujiandikia alama inapomalizika, kwa namba inayoanza na tarehe; 2.0 yenyewe ilibeba namba 2010112400. Ukikatizwa, unaweza kuendelea kutoka alama ya mwisho. Ningeyatengeneza yale majedwali kisha nikaendelea, huenda ningelala mapema.

Mafundi wa Moodle nao walikuwa wamejifunza yao. Baada ya 2.0 waliacha kusubiri mpaka kila kitu kiwe tayari. Msimbo ulihamia Git, na kila wiki mabadiliko yakawa yanakaguliwa na kujaribiwa kabla ya kuunganishwa. Toleo la 2.3, Juni 2012, liliingiza majaribio ya PHPUnit, 2.5, Mei 2013, likaleta Behat, inayobonyeza kurasa kama mtumiaji. Kuanzia hapo ilikuwa Mei na Novemba: kisichokuwa tayari kinasubiri basi lijalo. Mara moja tu mwendo huo ulivunjika wazi wazi, pale 4.0 na muonekano wake mpya ilipoingia Aprili 2022 na Novemba 2021 ikapita tupu. Tangu 2023 matoleo makubwa yamekuwa ya Aprili na Oktoba, na 5.0 ilitoka Aprili 2025. Kwa mtunza seva hii ni raha isiyosimulika. Hatua ni fupi, na unajua inakuja lini.

Nikarudi kwa yule kijana. Nilimpigia tena usiku ule ule nikamwuliza kama amechukua nakala ya hifadhidata. Akasema ndiyo, mbili. Nikamwuliza na ya moodledata?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, hebu nikupigie baadaye kidogo."