Chumba, Shule na Kazi: Habari za Vijana wa Makadara

Katika mikutano yetu husikika mara kwa mara neno hili, ya kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, hawataki kusoma wala kufanya kazi. Tumeona yafaa kutazama habari za nyuma kabla ya kukata shauri hilo.

Mji wa Nairobi haukujengwa kwa ajili ya mtoto wa Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanya kazi kuwa mseja, ambaye mkewe na watoto wake wanakaa shamba; ikampa mshahara wa mseja na mahali pa kulala mseja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyofikiria jamaa nzima. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochungua mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mshahara sharti umtoshe mtu na jamaa yake. Lakini katika nyumba nyingi chumba kilibaki kile kile: baba, mama na watoto, pazia katikati na taa moja. Mwanafunzi alisoma mpaka baba alipotaka kulala.

Mlango wa shule nao ulikuwa mwembamba. Kwa mpango uliotokana na taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto alifanya mtihani wa kuchuja mwisho wa darasa la nne. Wengi walikomea hapo, wangali wadogo. Kisha, tarehe 24 Aprili 1954, ukaanza msako mkubwa wa mjini. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, na jamaa nyingi zikatawanyika. Kituo cha Starehe kilichoanzishwa mwaka 1959 kiliwapokea wavulana waliokuwa wakirandaranda mjini.

Baada ya Uhuru shule ziliongezeka upesi kuliko kazi. Mwaka 1964 serikali ilikubali kuongeza wafanya kazi wake kwa asilimia 15, na matajiri wenye makampuni kwa asilimia 10. Hata hivyo foleni haikuisha. Cheti kilichomtosha baba kuwa karani hakikumtosha mwanawe kuwa tarishi. Na karo ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2003, madarasa yalijaa, lakini chumba cha nyumbani hakikupanuka.

Hayo ni makosa ya wakubwa wa zamani. Yako pia yetu, nayo yanauma kuyasema. Ni nani kati yetu, aliposikia kazini pana nafasi, aliyemwita mtoto wa jirani kabla ya mtoto wa ndugu yake? Ni mara ngapi binti ametolewa darasani abebe mdogo wake, na kaka yake akaachwa aendelee? Ni shilingi ngapi za karo zilizoishia kilabuni? Kijana aliyeyaona hayo hujifunza mapema kwamba bidii haina malipo.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, chumba cha chama kifunguliwe kila jioni, chenye meza na taa, wavulana na wasichana wasome humo chini ya uangalizi wa mzee mmoja kwa zamu. Pili, kila mwanachama mwenye ufundi amchukue kijana mmoja asiye wa ukoo wake, amfundishe. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yahitaji moyo. Na wazee wetu walikwisha sema, mkono mmoja haulei mwana.