Kilichobaki ni Bafu

Mwanzoni mwa mwaka 1888, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, akiwa mgonjwa, alipanda meli kwenda Uarabuni kutafuta tiba kwenye chemchemi za maji moto. Maji hayakumsaidia. Alirudi Unguja mwishoni mwa Machi, na saa chache baada ya kufika akafariki. Huyu ndiye mtawala aliyeuletea mji maji ya bomba, akaujengea hamamu ya watu wote, na akajijengea kasri la kupumzikia huko Chukwani, kusini mwa mji, kwa kuwa hewa ya pale ilisifiwa kuwa inampa mtu afya. Alikuwa ameamini katika maji maisha yake yote ya utawala.

Ukitafuta Afrika Mashariki hoteli ya kale ya aina ile ya Ulaya, ambako matajiri walikwenda kujilaza kwenye mvuke na kurudi nyumbani wamepona au wamefilisika, hutaipata kirahisi. Wakoloni wa Kijerumani na Kiingereza huku kwetu walijenga zaidi hoteli za bandarini, za kando ya reli na za milimani. Lakini kabla yao, Unguja ilikuwa na majumba yaliyofanya kazi hiyo hiyo: Mtoni, Kidichi, Maruhubi, Chukwani, na mwisho Hamamni, katikati ya Mji Mkongwe. Kila moja lilikuwa na mahali pa kuogea palipojengwa kwa uangalifu kuliko vyumba vya kulala. Na ukiyatembelea leo moja baada ya jingine, utaona jambo ambalo vitabu vya watalii hulitaja bila kulieleza: kasri limeanguka, bafu limesimama.

Maruhubi lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likaungua mwaka 1899. Moto ulikula kila kilichokuwa cha mbao. Zikabaki nguzo nene zilizobeba roshani, mabaki ya mfereji wa maji, na nyumba ya kuogea. Chukwani kasri lenyewe halipo tena. Kilichodumu ni bafu lake. Huko Kidichi, juu ya mwinuko ulio miongoni mwa sehemu za juu kabisa za kisiwa, makuba meupe ya hamamu iliyojengwa mwaka 1850 bado yanaonekana kati ya mikarafuu na minazi.

Sababu iko kwenye dari. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni imara, lakini haina urefu wa kutosha. Ndiyo maana vyumba vya mji ule ni virefu na vyembamba, takriban mita tatu kwa upana. Mti uliamua ukubwa wa chumba. Bafu la mvuke halikuweza kufuata sheria hiyo. Mbao zikikaa kwenye joto na unyevu kila siku zitaoza, kwa hiyo fundi ilimbidi aachane na boriti na kufunika chumba kwa mawe matupu, kuba na tao, akilisukuma kila jiwe liegemee jenzake. Jengo la namna hiyo haliungui, haliliwi na mchwa, na paa lake haliporomoki kwa sababu boriti moja imeoza. Anasa ilidai ufundi bora zaidi, na ufundi ndio uliodumu.

Kidichi ndipo ufundi huo ulipopambwa. Seyyid Said, baba yake Barghash, aliijenga hamamu ile kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Kwa nje haina makeke: kuta nyeupe na makuba. Ndani, plasta ya chokaa imechongwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, na mwanga unashuka kutoka kwenye matundu madogo ya kuba. Ni jambo la kufikirisha kwamba ndege wale wamo kwenye jengo la kisiwa ambako wasanii wengi walikwepa kuchora viumbe hai. Binti yule wa kifalme hakukaa sana Unguja. Ndoa ilivunjika akaondoka. Nyumba yake ya kuogea imeishi zaidi ya ndoa yake kwa karne na zaidi.

Maisha ya ndani ya mabafu haya tunayajua kwa kiasi kikubwa kupitia mtu mmoja: Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 zinaeleza kasri la Mtoni lililokuwa na watu wapatao elfu moja, na mabafu yake ambayo tangu alfajiri hadi usiku hayakuisha watu. Watu walioga, wakasali, wakasoma, wakalala na kula humo humo. Ukisoma maelezo yale unaelewa kwamba bafu halikuwa chumba. Lilikuwa baraza.

Barghash alilitoa baraza hilo kwenye kasri akalipeleka mtaani. Mwaka 1859, baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko karibu miaka miwili. Alirudi na picha ya mji wa kisasa kichwani. Aliposhika ufalme mwaka 1870, alivuta maji kutoka chemchemi za kaskazini hadi mjini, akajenga reli fupi ya kumfikisha Chukwani, akasimamisha Beit al-Ajaib mwaka 1883. Hamamu yake ya umma, ambayo ujenzi wake unahusishwa na fundi Haji Gulamhussein, ilikuwa na ukumbi wa kupokelea wageni, mabaraza ya kukaa, sehemu ya kunyoa, vyumba vya maji baridi na vya maji moto, na njia za joto chini ya sakafu. Aliyekuwa na ada aliingia. Mtaa mzima ukachukua jina: Hamamni, yaani kwenye hamamu. Jengo liliacha kuogesha watu katika miaka ya 1920, lakini jina halikuacha kazi.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninaposoma sifa za Barghash mjenzi. Joto la chini ya sakafu halikujileta. Kulikuwa na tanuri, na tanuri lilikula kuni, na kuni zilikatwa, zikabebwa, zikachochewa na mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Barghash aliusaini kwa shinikizo la Waingereza, ulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Haukumfanya huru mtu aliyekuwa tayari mtumwa kisiwani. Hilo lilisubiri amri ya mwaka 1897, nayo iliwaacha kando masuria hadi mwaka 1909. Kwa hiyo katika miaka ambayo hamamu hizi zilikuwa moto, jasho la starehe na jasho la kulazimishwa vilitenganishwa na unene wa ukuta mmoja wa matumbawe.

Na fedha? Hapo hadithi inafika kwetu. Mimi ni mtu wa Nkome, Geita, kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, mbali na mikarafuu. Shuleni Zanzibar ilikuwa mada ya mtihani: mashamba ya karafuu, biashara ya misafara, basi. Lakini hazina ya Masultani ilijazwa na ushuru wa forodha, na pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotozwa. Pembe hizo zilitoka bara, nyingi zikipita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mabegani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira wao na kutembea miezi kadhaa hadi pwani. Watu wa upande wetu wa nchi walichangia plasta ile ya Kidichi na mabomba yale ya mjini, na sidhani kama kuna aliyewakaribisha kuoga.

Kwetu hakuna aliyejenga hamamu. Watu huoga ziwani, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye kichocho kingi, ugonjwa unaompata mtu kwa kuingia tu kwenye maji yenye minyoo yake. Ndiyo maana siwezi kuicheka hamamu ya Barghash kama anasa ya mfalme. Maji safi, jengo imara, ada anayoiweza mtu wa mtaani: hilo ni wazo ambalo vijiji vingi vya ziwani bado vinalisubiri. Wazo lilikuwa jema. Hesabu ya nani alilipia ndiyo ilikuwa mbaya, na majengo haya yanatudai tuyashike yote mawili kwa pamoja.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa, na kila mtu akazungumzia urithi unaopotea. Mabafu hayapigi kelele hivyo. Ni madogo, hayana mnara wala saa. Mtalii huingia, hupiga picha ya kuba, hutoka ndani ya robo saa. Ukipata nafasi ya kwenda Hamamni, usitoke haraka. Tazama mabaraza ya wageni na vyumba vya maji moto, kisha mwombe anayekutembeza akuonyeshe upande lilipokuwa tanuri. Simama hapo kidogo. Mji ulioga kwa sababu ya mtu aliyesimama mahali hapo, na hakuna aliyeandika jina lake.