Namba ya Siku ya 28

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi utakuta mifuko ya saruji imeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo namba ni nguvu: sampuli hupimwa ikiwa na umri wa siku 28, basi. Lakini wewe unawajengea wajukuu. Siku ya 29 na kuendelea, nani anapima?

Swali hili ni la zamani. Vitruvius, Mroma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika vitabu kumi vya ujenzi. Katika cha pili anausifu unga wa ajabu unaopatikana jirani na mlima Vesuvius: ukichanganywa na chokaa na mawe, hata ndani ya bahari unashika. Yalikuwa majivu ya volkano, ambayo leo tunayaita pozolana, kwa jina la mji wa Pozzuoli. Herode alipojenga bandari ya Kaisaria huko Palestina, majivu hayo yaliletwa kwa meli kutoka Italia. Si mchezo!

Siri yake ni hii. Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika kokoto, lakini pia hubakiza chokaa isiyosaidia sana kubeba mzigo. Majivu huifuata chokaa hiyo polepole, yakaigeuza gundi nyingine na kuziba vitundu. Ndiyo maana siku ya 7 zege lenye majivu mara nyingi huonekana dhaifu, ila miezi ikipita laweza kulipita lile la saruji tupu. Wamarekani walilijua hilo walipojenga bwawa la Hungry Horse, Montana, lililokamilika 1953: sehemu ya saruji waliibadilisha kwa jivu la makaa ya mawe. Zege likawa na joto kidogo, na hatari ya nyufa ikapungua.

Lakini kuna sharti: maji. Zege likikauka mapema, kazi ya majivu husimama, na nguvu ile ya baadaye haiji. Nasi Kenya na Tanzania tunajenga sana kwa saruji zenye pozolana. Mwenye nyumba anapiga simu, fundi anavua mbao siku ya tatu, zege linamwagiliwa mara moja tu. Halafu tunalaumu saruji, eti imechakachuliwa.

Kuba la Pantheon kule Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama karibu miaka 1,900 bila nondo hata moja. Hakuna aliyelipima siku ya 28.